Utepe Mwekundu wa Dirishani

Koboko, 14 Januari 2025

Kwako Fundi Jacques, Baba Christelle,

Salaam nyingi, na baada ya salaam nakuuliza hali yako na ya watu wa nyumbani kwako. Ule mguu uliokuwa unavimba umepona? Mimi hapa Koboko niko, namshukuru Mungu, pumzi iko, cherehani iko. Macho ndiyo yamepungua. Kutunga uzi kwenye sindano siku hizi ni kubahatisha, nasema bismillahi nasukuma, ukiingia umeingia.

Usishangae kupata barua. Simu ninayo na namba yako ninayo, lakini dukani simu inasemwa mbele ya wateja, na nikilitaja jina la Latifu sauti inanikimbia. Barua inamngoja mtu amalize kulia. Binti yako Christelle ameniambia kila siku ya soko analeta vitenge hapa na jioni anarudi Arua, basi nimemwomba awe posta yetu. Mwandiko wangu ni wa darasa la sita, uuvumilie.

Baba Christelle, mwezi ujao inatimia nusu mwaka tangu Latifu atutoke. Unajua hakuwa wa tumbo langu, alikuwa wa dada yangu, lakini nilimpokea hajaota meno na akalala kitanda kimoja na mwanangu Muzamili mpaka wote wawili miguu ikatokea nje ya shuka. Wewe ulimjua kama dereva wa gari lako la mbio nambari kumi na nne. Mimi nilimjua tangu anachukua kifuniko changu cha chakula, kile cha kusuka, anakishika kama usukani na kuzunguka nacho uani mpaka kuku wanahama.

Toka siku ile kila mtu ananipa habari yake. Mmoja ameniambia alikufa palepale gari lilipogonga, hakuhisi kitu. Mwingine ameniambia alilia kwa sauti. Imamu alisema anayekufa kwa moto ana daraja ya shahidi, nikalishika neno hilo, bado ninalo. Lakini walimleta ameshafungwa sanda, sikuonyeshwa hata kidole, na hakuna aliyesimama karibu ambaye amekuja kukaa na mimi akasema. Wewe ulikuwa pale. Niandikie ulichokiona, na usinipunguzie.

Mimi siku ile naijua asubuhi yake tu. Alikuja Ijumaa akalala kwangu. Alileta ile neti nyeusi ya dirisha la gari, akasema pindo limefumuka kona ya juu, nimshonee. Nilishona baada ya sala ya alfajiri. Nilipiga mistari mitatu kwa uzi wa magunia. Aliyeitengeneza mwanzo aliiacha ovyo, pale konani kuna kipande cha utepe kimening'inia kama ulimi wa mbwa. Nikakikunja ndani, nikakishonea, nikaimaliza kama ninavyomaliza nguo ya bi harusi. Latifu akaibana kwapani, akakimbilia barabarani amechelewa, chai hakuimaliza. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho niliyomfanyia, na mara nyingi hujituliza kwamba niliifanya vizuri.

Nangoja barua yako.

Ni mimi,
Bushira, Mama Muzamili


Arua, 23 Januari 2025

Mama Muzamili,

Amani ya Bwana ikae nyumbani mwako. Mguu umepona, asante kwa kuuliza. Barua yako nimeisoma gereji, nikaikunja, nikachomelea geti la mutu mpaka likaisha, nikaisoma tena. Umesema nisikupunguzie. Sawa.

Ilikuwa mzunguko wa sita, Latifu iko mbele. Kwenye kona ya chini, karibu na shamba la mihogo, gari la nyuma lilimgusa, akateleza kwa vumbi akagonga ukuta wa udongo. Gari halikupinduka. Lilisimama kwa magurudumu yake, na watu wakapiga makofi, walifikiri imekwisha vizuri. Kisha nikaona moshi chini ya boneti, kwanza mweupe, halafu mweusi. Mpira wa petroli ulikuwa umechanika. Mitungi ya kuzimia moto ilikuwa miwili, na yote miwili ilikuwa pale pa kuanzia, mbali na kona. Nilichukua mmoja nikakimbia. Mguu huu unaouulizia ndio uliniangusha.

Hakufa palepale, Mama. Alikuwa mzima. Mkanda wa kifua aliufungua mwenyewe, niliuona umeachia bega. Na mkono wake wa kulia ulikuwa dirishani, unapapasa. Unapanda kona ya mbele, unashuka mlangoni, unapanda tena, kama mutu ameingia nyumba ya giza anatafuta swichi ukutani. Hakulia. Ilikuwa mkono tu. Kisha moshi ukafunika.

Nikuambie mkono ule ulitafuta nini. Magari ya mbio tunachomelea milango yote, ili gari likigongwa mlango usifunguke dereva akamwagika nje. Dereva anaingia dirishani na anatoka dirishani. Mlango ule nilichomelea mimi. Kitasa cha ndani nilikiondoa mimi, nikakitupa kwenye vyuma. Nilimfundisha Latifu kutoka, alijua. Lakini moto ukija mutu anasahau mafundisho, anarudi kwa kitu alizoea tangu utoto. Alitafuta kitasa changu. Sasa nikivaa kioo cheusi na kuwasha chombo, ule mwanga unapolipuka nauona mkono ndani yake. Nimeomba kanisani waniwekee mikono. Bado nauona.

Basi, nina ombi. Gari tunalitengeneza upya. Chama cha mbio kimepanga tarehe kumi na mbili Aprili, baada ya Idi yenu. Tangi la petroli nimelihamisha nyuma, limekaa ndani ya sanduku la chuma. Kila kona itakuwa na mtungi wake wa kuzimia moto na mutu wake. Imebaki neti. Mabaki ya ile ya kwanza niliyaweka ndani ya gunia na fremu yake, na gunia hilo sijalifungua tangu Agosti. Nishonee mpya. Ninyi watu wa Koboko mnashona kitu kinakaa.

Ila usisahau utepe mwekundu, kona ya juu ya mbele. Neti inazuia mkono wa dereva usitoke nje gari likibiringika, lakini utepe ule ndio mlango wake. Akiuvuta, pini inachomoka, neti yote inaanguka, anatoka. Uwe mrefu, uning'inie, aupate hata amefumba macho. Siku ile utepe ulikuwa palepale karibu na vidole vyake na hakuuvuta. Ndiyo maana najua akili yake ilikuwa kwenye kitasa.

Jacques


Koboko, 4 Februari 2025

Kwako Baba Christelle,

Salaam. Barua nimeipata, nakushukuru kwa kuniambia. Samahani nimechelewa kujibu.

Neti sitaweza. Cherehani imeharibika, mkanda umekatika na spea hapa hakuna. Tafuta fundi mwingine huko Arua, wako wengi.

Nina maswali mawili madogo. Ule utepe ulikuwa mwekundu kweli? Na siku ile, Latifu alipofika uwanjani, nani aliyeifunga neti?

Jana Kadijah, yule anayeuza mchele mkabala na mimi, alikuja kuangalia kitambaa cha gauni. Akapitisha vidole kwenye pindo, taratibu, kwenda na kurudi, kama wanawake wote wanavyopima nguo. Nikamwambia atoe mkono. Akanitazama. "Bushira, nimenawa," akasema. Nikamwambia kitambaa kimeshanunuliwa na mtu, na hakikuwa kimenunuliwa na mtu yeyote.

Habari ya kitasa usiiweke sana moyoni.

Bushira


Arua, 13 Februari 2025

Mama Muzamili,

Amani kwako. Christelle anasema cherehani yako inalia vizuri, aliisikia toka barabarani kabla hajafika mlangoni. Labda umeshapata mkanda. Kama nimekuchokoza kwa kukuomba kazi ya gari lile, unisamehe.

Maswali yako. Utepe ulikuwa mwekundu kama pilipili, nilikata mimi mwenyewe kwenye mkanda wa kufungia mizigo. Neti alijifungia yeye. Alitoka Koboko moja kwa moja, akakuta magari yameshapangwa, akavaa kofia na glavu akikimbia, akaingia dirishani, akavuta neti, pini ikalia ta, nikampungia.

Tarehe moja Machi chama kina mkutano juu ya ajali ile. Nitasimama niseme kilichomuua ni kazi yangu. Kisha nitatoa vyombo vyangu nirudi kwetu Ariwara, upande wa Kongo. Huko iko kuchomelea mageti na vitanda. Kitanda hakiungui na mutu ndani.

Kuna kitu kingine, niliombwa nikufiche, na nimechoka kukificha. Dereva mpya ni Muzamili wako. Alikuambia anajenga ghala hapa Arua. Si kweli, yuko na mimi tangu Novemba. Anaendesha vizuri, kwa kona ni mpole kuliko Latifu. Kila siku nilisema kesho nitamwambia mama yake.

Kwa hiyo neti haiwezi kungoja. Fundi wa nguo wa sokoni amekubali kuishona. Jumatatu nampelekea lile gunia, aangalie ile ya zamani na kunakili kila kitu kama kilivyo.

Jacques


Koboko, 14 Februari 2025

Baba Christelle,

Christelle nimemkalisha hapa kwenye benchi na nimemwambia hatoki mpaka nimalize kuandika. Ameuliza kama kuna msiba. Nimemwambia bado.

Usimpelekee fundi lile gunia. Nakuomba kwa Mungu wako na wangu. Atanakili, na akinakili atamuua Muzamili.

Lifungue wewe. Angalia kona ya juu ya mbele. Kama moto haukuimaliza utaona mistari mitatu ya uzi mweupe wa magunia, na ndani ya ile mistari, umekunjwa mara mbili, utaukuta utepe wako. Ule niliokuandikia kwamba ulining'inia kama ulimi wa mbwa. Uliisoma barua yangu na hukuona, kwa sababu nani anaweza kufikiri jambo kama hilo. Mimi nilidhani ni mabaki ya mtu mvivu. Marehemu mama yangu alinifundisha kazi hii kwa kugeuza kila nguo mikononi, mbele na nyuma, na akikuta uzi mmoja umening'inia ananirushia, anasema haijaisha hiyo. Miaka thelathini sijatoa nguo dukani ikiwa na kitu kinaning'inia. Hata fundi wako wa sokoni, kama ni fundi mzuri, angefanya vilevile. Latifu aliniambia pindo limefumuka, basi. Hakuniambia kile ni nini na mimi sikuuliza. Nilichukua mlango wa mtoto wangu nikaupiga pindo.

Kwa hiyo Latifu hakusahau. Usisimame mbele ya watu kusema alisahau mafundisho yako. Alifungua mkanda, akapeleka mkono mahali ulipomwonyesha, hasahasa pale, na utepe ulikuwepo chini ya vidole vyake ndani ya kitambaa, akawa anaugusa na hawezi kuushika. Halafu akaushusha mkono kuangalia kama utepe umeanguka, akaupandisha tena. Kitasa chako hakuwa na haja nacho.

Nilijua pale pale niliposoma barua yako ya Januari. Herufi zilinichezea. Nilikaa nayo siku nyingi kabla ya kukujibu, na nilipokujibu nikakuandikia cherehani imeharibika. Niliswali na uongo huo. Alhamisi nilifunga sunna na uongo huo mdomoni. Nilisema moyoni, Jacques ni mwanamume, mgongo wake mpana, amekwisha kuzoea kukibeba kitasa chake, acha akibebe. Hivyo ndivyo nilivyosema, na nilikuwa nakupenda kama ndugu nilipokuwa nasema.

Sasa najua mkono ule unaouona kwenye mwanga wa chombo chako. Mimi nauona kwenye pindo. Kila pindo. Nguo za shule za watoto wa watu, kanzu, mashuka. Nikishona nahisi kuna kidole upande wa pili wa kitambaa kinapita pamoja na sindano, kinangoja nimalize.

Habari ya Muzamili imenikasirisha. Nimekasirika na wewe na yeye, halafu nikakumbuka mimi mwenyewe nimeficha kitu kikubwa zaidi, hasira ikakosa mahali pa kukaa. Jumapili atakuja kula. Nitamwambia yote, mimi na yeye mezani, kabla ya chakula, maana baada ya chakula nitaogopa.

Mkutanoni taja jina langu. Bushira, fundi wa nguo, Koboko. Siombi unisamehe leo. Naomba ulifungue gunia.

Bushira


Arua, 2 Machi 2025

Mama Muzamili,

Nimelifungua.

Niliita Christelle asimame mlangoni, sikutaka kuwa peke yangu. Neti imeungua karibu yote, imekuwa kama lami. Kona ya mbele imebaki, kiasi cha kiganja, kwa sababu pindo lako lilikuwa nene. Mistari mitatu. Nilikata uzi kwa wembe, na utepe ukafunguka. Ndani ya kunjo bado ni mwekundu kabisa.

Nilifikiri siku nikijua si kitasa nitapumua. Sikupumua. Nitakuambia kwa nini, wewe umesema ukweli na mimi sitakuachia peke yako. Sheria yetu ni kwamba kabla ya mbio kila dereva anakaa ndani, amefungwa mkanda, amefunikwa macho, na anatoka dirishani kabla ya hesabu ya kumi. Wenzake wote walifanya asubuhi ile. Latifu alifika amechelewa, mvua ilikuwa inakuja upande wa Kongo, watu wanapiga honi. Mkaguzi akaniuliza, "Huyu je?" Nikasema, "Mwache, huyu anatoka kama panya, nimemwona mara mia." Ningemwacha ajaribu mara moja tu, mkono ule ungepapasa kwenye gari lililozimwa, tungecheka, ningekata uzi wako kwa kisu.

Jana mkutanoni nimesema yote mawili, utepe na zoezi. Jina lako sikulitaja. Umeomba nilitaje lakini mdomo ulikataa. Nilisema fundi wa nguo alishona vizuri kitu ambacho hakuna mutu alimweleza. Maana ndivyo tulivyofanya, tulikuletea pumzi ya mutu kama tunaleta suruali kupunguza. Wamekubali kwamba kuanzia sasa hakuna gari linawashwa kama dereva hajatoka amefunikwa macho, hata akichelewa, hata akiwa mtoto wa mwenyekiti. Wamekataa nitoe vyombo vyangu. Kuna mzee akasema, "Ukienda Ariwara nani atatuchomelea hayo masanduku ya tangi? Sisi?" Basi, niko.

Umesema huombi msamaha leo. Ni vizuri, leo sina. Nimeutafuta tangu nilipofungua gunia. Asubuhi nikiomba nadhani nimeupata, mchana nakumbuka ulivyoandika acha akibebe, unapotea. Nitaendelea kutafuta.

Lakini neti shona wewe. Wa sokoni nimemwambia hapana. Hakuna fundi duniani atakayeushona utepe ule kama wewe utakavyoushona sasa.

Muzamili hajafika gereji wiki mbili. Iko kwako?

Jacques


Koboko, 18 Machi 2025

Kwako Fundi Jacques, Baba Christelle,

Salaam nyingi, na hali yako nakuuliza kama siku zote. Mimi nimo kwenye mfungo, leo ni siku ya kumi na saba au kumi na nane, sina uhakika, kazi imenichanganya. Mungu atanihesabia yeye.

Muzamili yuko kwangu. Nilimwambia Jumapili ile, wali ukiwa umefunikwa katikati yetu. Nilimwambia yote mpaka cherehani. Alitoka nje akachukua majerikeni akaenda kuteka maji, akajaza yote, akamwaga yaliyokuwa yamejaa tangu asubuhi akayajaza upya. Aliporudi wali umepoa. Akakaa, akauliza, "Mama, utepe utakaa upande gani?"

Nikamwambia hakuna utepe kwa sababu hakuna mbio, amezika ndugu mmoja, inatosha. Akasema, "Latifu alikuwa wa kwanza mpaka mzunguko wa sita." Tumezunguka hapo wiki nne. Mimi naleta Mungu. Naleta marehemu baba yake. Yeye anarudi kwenye mzunguko wa sita. Sasa ana miaka ishirini na minne na amefuga ndevu. Sikumpa ruhusa, Baba Christelle, ulijue hilo. Nimempa neti.

Nimeishona mara tatu. Ya kwanza niliitundika kwenye dirisha la chumba changu, nikakaa juu ya kigoda kama dereva, nikajifunga macho kwa mtandio, nikapeleka mkono. Nilikosa. Nikaufanya utepe kuwa mrefu zaidi. Ya pili niliupata, lakini Muzamili alipovaa glavu uliteleza, basi ya tatu nimeushona mwisho wake ukawa pete kubwa, glavu nzima inaingia. Nimekaa pale nimeutafuta mara arobaini, wakati mwingine kwa kushtukiza, natoka jikoni na macho nimeyafunga nakimbilia kigoda. Kadijah alinikuta. "Bushira, saumu imekupanda kichwani? Unapima pazia umefumba macho?" Nikamwambia napima mlango. Akaangalia dirisha, akaniangalia, akaenda zake kuuza mchele. Jioni aliniletea uji wa kufungulia, na hakuuliza tena.

Kisha nikamkalisha Muzamili. Kofia, glavu, mkanda nilioufunga kwa khanga, mtandio machoni. Nikashika tasbihi nikahesabu kwa sauti, subhanallah moja baada ya moja. Mara ya kwanza alitua nje kwenye mchicha wangu nikiwa punje ya kumi na saba. Mchicha umekwisha sasa. Jana alitoka punje ya nane, mara tano mfululizo. Nilipokuwa nahesabu sikuharakisha wala sikumpunguzia.

Nguo yake pia nimeshona, pamba tupu, tabaka mbili, shingo juu na mikono mpaka kwenye glavu. Ile aliyokuwa amenunua inang'aa vizuri, lakini nilichukua kipande nikakiwasha kibiriti, kikayeyuka kikanata. Nimeifanya dekio.

Utepe unaning'inia. Ukiufungua huo mzigo ndio kitu cha kwanza utakachokiona, mwekundu, umetoka nje ya kazi yote kama kosa. Usiku na mchana nimeishi nao nyumba moja, na kila nikipita kidole changu kinataka kuukunja. Sijaukunja. Huu ndio mwezi wangu wa mfungo mwaka huu, kuliko hata njaa.

Mkono bado unakuja. Sikudanganyi tena kwa lolote, hata kwa kukufurahisha. Unakuja nikishona, unapanda, unashuka. Zamani nilikuwa nageuza macho. Sasa nauacha utafute, na ninaendelea kushona polepole, na namsomea Latifu Fatiha mpaka uishe.

Msamaha wako usiuharakishe. Ukiupata uniambie, usipoupata pia uniambie.

Christelle amebeba neti ndani ya kitenge, hajui ni nini, mweleze. Ifunge kwenye gari kwa mikono yako. Mkalishe Muzamili mbele yako, anakuja na gari la kesho asubuhi. Mfunike macho wewe, si mtu mwingine, uhesabu. Fanya siku hiyo na ufanye tena siku ya mbio, hata mvua ikija, hata wakipiga honi. Siku yoyote ikipita kumi, mtoe ndani ya gari umrudishe kwangu, na neti mnirudishie, nitafumua nianze tena.

Nijibu upesi, kwa siku ya soko inayokuja. Kama maneno hayapo usiandike maneno. Niandikie alitoka kwa hesabu ya ngapi.

Ni mimi,
Bushira